Mama Barafu na Kabati la Joto

Mazoea yana taabu, na Mama Barafu alikuwa nayo ya miaka thelathini na minne. Jina alibandikwa na wauguzi wenzake, maana kisanduku chake cha chanjo hakikubanduka begani, na ole wako uombe kipande cha barafu cha kupoza maji. Alianza kazi enzi za ndui, kwa sindano ya ncha mbili, ngozi ikichanjwa kwelikweli.

Sasa amestaafu, na mjukuu wake alimwalika aone maabara anakofanya kazi. Mjukuu alipotoka kupokea simu, bibi akachungulia kabati lenye mlango wa kioo. Ndani mlikuwa na trei ya vibandiko vidogo, imeandikwa "chanjo ya surua". Kipimajoto kilisoma nyuzi arobaini. Chanjo huharibika kwa joto! Akaihamishia trei kwenye friji, akaketi ameridhika.

"Bibi, trei iko wapi?"

"Nimekuokolea. Chanjo unaioka kama mkate, mwanangu?"

Mjukuu akashika kichwa. "Hilo ndilo jaribio lenyewe: kuona kama vibandiko vitastahimili joto siku tisini. Vina siku themanini na nane humo. Hivi unambandika mtoto mkononi kama plasta, basi. Wiki iliyopita tumepima kimoja, bado kizima."

"Bila barafu?"

"Bila hata chembe."

Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hili lilimzidi bibi. Alimkumbuka binti yake wa kwanza, shangazi ambaye mjukuu hakumwona. Siku ya kumchanja, gari la chanjo liliharibika njiani, barafu ikayeyuka, naye bibi akamchoma binti huyo chanjo iliyokwisha kufa, bila kujua. Mwaka haukuisha, surua ikamchukua. Ndipo alipoanza kuilinda barafu kama mboni ya jicho, na watu wakapata la kumtania.

"Nimekuharibia kazi?" aliuliza.

"Ni dakika sita tu, Bibi. Nitaziandika. Ila irudi sasa hivi."

Mjukuu akanyoosha mkono kwenye friji.

"Niachie mimi," bibi akasema.

Akaitoa trei, akafungua kabati, joto likampiga usoni. Mkono wake haukuwahi kufanya kitu kama hicho. Akaiweka chanjo kwenye joto, akafunga mlango, akabaki ameegemea kioo analia.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Mbili."

"Basi viache vikae," akasema Mama Barafu. "Sivigusi tena."