Uzi wa Timazi Umepinda

"Shemeji, ukuta huu umetoa tumbo. Huoni?" mwashi akauliza.

"Uko sawa," akajibu shemeji yake, ndugu wa mkewe, aliyekuwa akijenga naye. "Pima basi."

Mwashi hakupima. Fundi mzima na fani yake, apime nini? Akaushukia ukuta kwa nyundo, na shemeji akabaki mikono kiunoni. Wakajenga upya. Ukatoa tumbo tena, palepale. Akapanda jukwaa, akateremsha timazi, ule uzi wenye risasi chini ambao haumpendelei mtu. Akangoja utulie.

Uzi nao ulikuwa umepinda.

Akafumba jicho la kushoto, uzi ukanyooka. Akafumba la kulia, ukapinda, na katikati ukatoweka kabisa. Uzi wenye uzito haupindi, hilo halikuwa na mjadala. Akashuka, akanawa macho kwenye pipa la maji, akarudi kutazama, akaenda kunawa tena. Kukaa hawezi, kusimama hawezi.

"Shemeji," akasema mwishowe, "nipeleke hospitali. Na dada yako mpigie simu."

Daktari wa macho alimmulika jicho kwa muda mrefu, kisha akamfunga mkanda wa kupimia presha mkononi. Aliposoma kipimo, akakisoma tena.

"Mishipa midogo nyuma ya jicho imevuja," akasema. "Na presha hii si ya leo. Dawa unatumia?"

"Natumia. Kichwa kikiuma."

Mkewe, aliyefika akihema, akageuka kumtazama. Kila asubuhi alimwekea kidonge kando ya chai, na kila asubuhi mume alimjibu kwamba ameshameza, yeye ni chuma, aache wasiwasi.

"Presha haisubiri kichwa kiume, mzee," daktari akasema. "Tutaishusha polepole. Jicho linaweza kurudi, na linaweza lisirudi lote. Siwezi kukuahidi."

Mwashi aliogopa, tena sana, akawa anakunjakunja kofia yake magotini. Alingoja mkewe agombe. Mke hakugomba, na hilo likamtisha zaidi. Alivuta kiti, akaketi mbele yake wakakaribiana magoti, akamziba jicho lililo zima kwa kiganja.

"Unaniona?"

"Ndiyo" ilishamfika mdomoni. Akaimeza.

"Naona hereni zako," akasema. "Katikati sioni mtu."