Kitufe cha Nimepokea

Mimi ada ya mtandao sikatai kulipa. Muuzaji alipoanza kunishawishi tuikwepe, nilijua anatafuta kuniweka mfukoni. "Dada yangu, nitumie moja kwa moja nikupunguzie," aliniandikia. "Hawa wa mtandao wanakula jasho letu bure." Kwenye soko hilo la vitu vilivyotumika alijiita Mzee wa Mali Safi. Nikamjibu kwamba jasho ni langu, nitamlisha ninayemtaka. Nililipa bei yote na asilimia tano juu yake, maana hiyo asilimia tano ndiyo inayoufanya mtandao ushikilie pesa mpaka mnunuzi athibitishe.

Pesa zenyewe zilikuwa akiba yangu yote. Mimi ni fundi wa nguo, nashonea sebuleni, na nilikuwa nimepata tenda ya sare sabini za shule ya watoto wadogo. Kushona naweza. Nilichokosa ni mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Bila hiyo ningepeleka kila sare kwa fundi mwingine, na faida ingebaki kwake.

Mzigo ulifika nikiwa nimekwenda kununua vifungo. Nyumbani alikuwepo mama mkwe, aliyekuwa akikaa nasi tangu aanze kusumbuliwa na magoti. Simu niliiacha inachaji, nikamwambia, "Mama, mtu wa mzigo akija mpokee. Ukiulizwa chochote, jibu tu."

Akampokea. Yule kijana akashukuru, akaenda zake. Kisha simu ikalia, na kwenye kioo pakatokea swali: Je, umepokea mzigo wako? Chini yake vitufe viwili: NIMEPOKEA na LALAMIKA. Sasa, mama mkwe wangu ni mtu ambaye ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Mtu amemletea mzigo mpaka mlangoni, halafu alalamike? Akabonyeza NIMEPOKEA, na kwa mdomo akaongeza, "Asanteni sana, wanangu."

Niliporudi niliichomeka mashine kwenye umeme. Ikanguruma vizuri, lakini haikushona. Nikafungua kifuniko. Kile chuma kinachoshika uzi wa ndani kilikuwa kimevunjika, kikaungwa kwa gundi, na gundi ilikuwa imeachia. Hapo ndipo niliposhika simu na kusoma: Asante kwa kuthibitisha. Malipo yameachiliwa kwa muuzaji.

Kichwa kikawaka moto. "Mama, nani alikutuma ubonyeze?" Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsemesha nayo mama wa mume wangu. Asubuhi nikamkuta anakunja nguo zake na kuzitia begini.

"Nitarudi kwa binti yangu," alisema bila kuniangalia. "Hapa nawatia hasara."

Niliumia, lakini nikajifanya natafuta mkasi.

Nikapiga moyo konde: pesa zile lazima zirudi. Mzee wa Mali Safi alikuwa ameshaifungia namba yangu. Nikayasoma masharti ya mtandao, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, neno kwa neno, kidole juu ya kioo. Sharti la kumi na saba likanipa pumzi: malipo yakishaachiliwa hukaa siku mbili kabla muuzaji hajaweza kuyatoa. Siku moja ilikuwa imekwisha. Nikarekodi video ya mashine, uzi unavyokatika na gundi ilivyoachia, nikaituma. Nikapiga simu, nikasikiliza muziki wao mpaka nikaukariri, ikakatika, nikapiga tena. Mara ya nne akajibu mhudumu mwenye sauti ya upole.

"Nakuelewa, mama, ila rekodi inaonyesha ulithibitisha."

"Nilithibitisha mzigo umefika. Sikusema mashine ni nzima."

"Mfumo hautofautishi, mama."

"Basi nipe mtu, niachane na mfumo."

"Mtu mwenyewe ndiye mimi."

"Kama ni wewe, tofautisha!"

Nilikuwa nimeanza kupayuka, na nilijua nikiendelea atanikatia. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, kumbe anasikia yote. Akanyoosha mkono. Nikaweka spika, nikampa simu.

"Hujambo, binti yangu? Kazi zinakwendaje?" alianza. Wakajuliana hali taratibu, utadhani muda tunao. "Mimi ndiye niliyebonyeza. Naomba nikuulize. Nikija kwako nimebeba kikapu, utanipokea?"

"Nitakupokea, mama."

"Ukishanipokea, kikapu kimekuwa chako?"

"Hapana, mama."

"Na kilichomo ndani utakuwa umekijua?"

"Hapana."

"Basi na mimi nilimpokea kijana wa watu mzigo, anatoka jasho. Sikumwambia mtu kwamba nimeridhika. Mkitaka kujua kama mali ni nzima, ulizeni hivyo, mtajibiwa."

Mhudumu akacheka chini chini, akaomba tusubiri. Aliporudi alisema msimamizi wake ameitazama video. Pesa zimezuiwa tena, muuzaji ataifuata mashine yake kwa gharama zake, na baada ya siku saba zitarudi kwangu, aichukue asiichukue. Ada tu ndiyo haitarudi.

"Kaeni nayo," nikasema kwa sauti. "Leo mmeifanyia kazi."

Mama mkwe akanirudishia simu, akaelekea chumbani kumalizia begi lake. Nilidhani ushindi ungemtosha. Nikamfuata.

"Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekwambia ukiulizwa ujibu, halafu nikaona rahisi kukufokea. Nisamehe."

Aliendelea kukunja gauni. "Ungeniambia jana."

"Jana nilikuwa na kiburi."

"Na leo?"

"Leo nina sare sabini, sina mashine, na wewe unaniacha."

Akakaa kitandani, mkono juu ya begi. Kisha akasema nimletee miwani yake na ile simu tutafute mashine nyingine, na safari hii muuzaji atazungumza na yeye.