Kasoro ya Upande wa Pili

Sikio alirudisha santuri ileile dukani mara tano, na kila mara aliingia ameikumbatia kifuani kama anayemwahisha mgonjwa hospitali. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya ukubwa wa masikio. Yalikuwa ya kawaida tu, moja limebinuka kidogo. Alipewa kwa sababu hakuna kelele iliyompita. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na ukimwona akipapasa taya la nta kwa ncha ya kidole, akitafuta kijipele ambacho hata mdomo wenyewe usingekijua, ungekubali kwamba huyu mtu hakujaliwa amani. Akitoka kazini alihamishia udhia wote kwenye santuri. Alikuwa nazo mia nne na ushee, zote zimesimama wima kwenye rafu, maana santuri ikilazwa hupinda. Aliyelaza santuri mbele ya Sikio hakualikwa tena.

Alikuwa na sheria zake. Santuri hushikwa ukingoni. Sindano hupigwa brashi kabla ya kushushwa. Na wimbo mmoja hauchezwi mara mbili kwa siku moja, kwa sababu sindano ikipita huvichosha vijifereji vya sauti, navyo vinataka kupumzika mpaka kesho. Mke wake wa zamani aliwahi kusema kwamba vijifereji hivyo vinatunzwa kuliko yeye, akafungasha virago. Sikio alikiri kwamba mama wa watu alikuwa na hoja, lakini sheria hakuibadilisha.

Sasa santuri hii ya mara tano haikuwa santuri tu. Miaka arobaini na tisa iliyopita mama yake alikuwa mwitikiaji katika bendi ya vijana wenye suruali pana na akili finyu. Walirekodi santuri moja, bendi ikasambaratika, kila mtu akashika njia yake. Kwenye jalada jina la Mama halikuwekwa; waliandika “pamoja na waitikiaji”, basi. Nakala ya nyumbani iliazimwa na Baba Mdogo, ambaye aliisahau ndani ya gari juani siku nzima, ikajikunja ikawa bakuli. Mama hakulia. Aliichukua akaifanya chombo cha kuwekea vibanio vya nguo, na mpaka leo ipo dirishani inachapa kazi.

Mwaka huu kiwanda kimoja kikaitoa upya. Sikio aliiona dukani, akainunua papo hapo. Tena alikuwa na haraka: sikio la kushoto la Mama lilishafunga kazi, na daktari alisema la kulia nalo liko njiani, labda miezi michache, labda pungufu. Sikio alitaka jambo moja tu duniani, Mama ajisikie akiimba, hata mara moja, kabla hajawa kiziwi kabisa. Ila nakala iwe safi, isiyo na doa. Hapo kwenye “ila” ndipo mambo yalipoharibikia.

Nakala ya kwanza ilikuwa na kila ugonjwa. Tundu la katikati lilitobolewa pembeni, kwa hiyo santuri ilizunguka ikiyumba na tarumbeta ikalia kama imepiga chupa mbili. Ukingo ulikuwa umepinda. Karatasi ya katikati ilibandikwa na mkunjo. Na juu ya hayo yote, upande wa pili, wimbo wa tatu, pale waitikiaji wanapomaliza na tarumbeta inataka kuingia, kulikuwa na sauti kavu, moja tu: tak! Sikio aliirudisha. Ya pili tundu lilikaa sawa, lakini tak ilikuwepo. Ya tatu ilikuja na alama ya kidole gumba cha mfanyakazi wa kiwandani, wazi kabisa, polisi wangemkamata nacho, na tak palepale. Ya nne tak. Ya tano tak.

Mwenye duka aliitwa Vumbi, na ukishaingia dukani kwake huulizi kwa nini. Alikuwa na utaratibu kwamba mteja akirudisha santuri aandike ubovu wake kwenye kadi kwa mkono wake mwenyewe, ili mbele ya safari asije akamruka. Sikio alijaza kadi mpaka mgongoni. Ilipofika ya tano Vumbi akachoka.

“Ndugu yangu,” alisema, “wewe ndiye uliyenifundisha. Ubovu wa kiwandani unarudi kila santuri ikizunguka: tak, tak, tak. Huu wako unalia mara moja unanyamaza. Huo si ubovu. Kuna kitu kilitokea pale.”

Sikio alimwambia kwamba yeye kazi yake ni kuuza santuri, kusikiliza awaachie wenye masikio. Moyoni alijua Vumbi amesema kweli, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Kila Jumamosi mchana Mama alimuuliza kama imekuja, naye alijibu imekuja lakini mbovu. Mbovu vipi? Mbovu tu, Mama, we acha. Mama alimwambia amwekee hiyohiyo mbovu, yeye mwenyewe hakuwa mzima. Sikio alikataa katakata. Mtu aliyengoja miaka arobaini na tisa hapewi makombo. Na huku akikataa, Mama alianza kujibu maswali ambayo hayakuulizwa, na redio ya jikoni ikapanda sauti hadi jirani wa ukutani akawa anapata taarifa ya habari bure.

Basi Sikio akakiandikia kiwanda barua ya kurasa nne, yenye dakika, sekunde na mchoro. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, la heshima mno. Fundi wao alikuwa amesikiliza mkanda wa awali wa kurekodia, akaisikia sauti hiyo, na wote wamekubaliana kwamba ni doa lisilostahili kazi nzuri kama ile. Wameifuta kwa mitambo. Nakala za zamani zitakusanywa madukani na kuyeyushwa. Yeye angetumiwa ya kwanza ya toleo jipya, zawadi, kwa kuwafungua masikio. Sikio alivimba kichwa. Aliibandika barua ukutani kando ya cheti chake cha meno, na yale maneno “mkanda wa awali” aliyapita kama hayakuandikwa.

Nakala ya sita ilifika Jumamosi. Aliikagua kwa taa, kwa kioo cha kukuzia, kwa pua. Ilikuwa nyoofu, nyeusi, imetulia. Akamwita Mama. Mama alichelewa kwa sababu alikwenda kwanza kuvaa hereni, halafu akaketi na sikio la kulia karibu kabisa na spika. Ulipoanza wimbo wa tatu wa upande wa pili midomo yake ikaanza kwenda. Alijisikia. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili mle ndani, sauti nyembamba yenye ukorofi. Kiitikio kilipokaribia mwisho Mama akainua mkono wa kulia kutoka mapajani, taratibu, akangoja.

Tarumbeta ikaingia. Mkono ukabaki hewani.

“Liko wapi?” Mama aliuliza.

“Nini, Mama?”

“Kofi langu.”

Sikio aliinua sindano. Mama akamweleza, bila aibu na bila haraka. Mpiga tarumbeta alikuwa na tabia ya kufinya waitikiaji kiunoni. Siku ile alishaonywa mara tatu. Kiitikio kilipoisha akadhani kwa vile mitambo inarekodi hakuna atakayethubutu, akafinya. Mama akathubutu. Ndiyo maana tarumbeta iliingia ikiwa imechelewa na pumzi nusu. Sikio akakumbuka maandishi ya jaladani, ambamo mtaalamu mmoja alisifu “ule ucheleweshaji wa makusudi unaodhihirisha ukomavu wa msanii”, akamsomea Mama kwa sauti kubwa.

“Ukomavu gani,” Mama alisema. “Jino lilikuwa linacheza.”

Mkuu wa bendi alitaka warudie. Lakini nyuma ya kioo, kwenye mitambo, alikuwepo kijana fundi mwembamba, mkali kuhusu kelele, ambaye asubuhi ileile alisimamisha kazi kwa sababu ya kiti kilicholia. Huyo akasema mashine yake haikunasa kitu, waendelee.

“Baba yako huyo,” Mama alisema. “Aliyekuwa anamsikia mende akitembea chumba cha pili. Akaniangalia kupitia kioo, uso mkavu, akasema hajasikia kitu. Ndiyo siku nilimtazama vizuri.”

Baba alikuwa amefariki miaka saba iliyopita. Ndiye aliyemfundisha Sikio kushika santuri ukingoni na kusikiliza huku macho yamefumbwa. Alikuwa na masikio hayahaya, akalisikia kofi, akaliacha likae. Mwanawe akaliandikia kurasa nne. Sikio aliona haya.

“Limefutwa,” alisema.

“Nani kalifuta?”

“Mimi.”

Mama akamwambia asikae pale amekodoa macho, aende akalirudishe.

Alitoka na ndara, bila kufunga mlango. Dukani alimkuta Vumbi amekaa juu ya boksi tupu. Gari la kiwanda lilipita jana, limezoa nakala zote za zamani. Sikio alishika meza. Ndipo akaiona: ukutani juu ya kichwa cha Vumbi, kwenye msumari, ile ya kwanza kabisa, iliyopinda, yenye tundu pembeni. Vumbi alikuwa ameitundika ili kuwaonyesha wateja jinsi santuri isivyotakiwa kuwa, na kadi yake chini.

Vumbi hakuishusha hivihivi. Alimtaka kwanza asome kadi kwa sauti. Mteja mmoja aliyekuwa akipekuapekua majalada akaacha, akasogea asikie vizuri. Sikio akasoma maneno yake mwenyewe: kwamba hii si santuri bali ni sahani ya kulia, kwamba imeguswa na watu wasio na mama.

“Sasa ongeza mstari,” Vumbi alisema, akampa kalamu.

Sikio akaandika: Haina kasoro. Akatia sahihi.

Aliirudisha nyumbani akaiweka kwenye mashine. Iliyumba, ukingo ukapanda na kushuka, bendi nzima ikawa kama inapiga juu ya mtumbwi. Mama aliuliza mbona tarumbeta imelewa, kisha akajijibu kwamba hata siku yenyewe jamaa hakuwa mkavu sana. Kiitikio kikaja. Safari hii aliweka kiganja juu ya spika.

Tak!

Mama alicheka mpaka hereni moja ikadondoka. Alisema huyo fundi wa kiwandani aletwe, aonyeshwe sauti hiyo inavyotengenezwa. Alipomaliza kujifuta macho akanyoosha kidole kwenye mashine.

“Tena.”

Sikio aliifikiria sheria yake kwa muda mfupi sana. Akairudisha sindano, bila hata kuipiga brashi.

Sikio la kulia la Mama lilifunga kazi kabla ya mwezi kwisha. Waliandikiana kwenye kidaftari, waligombana kwa mikono, walizoea. Lakini kila Jumamosi mchana Mama alivaa hereni, akaketi, akaweka kiganja cha kushoto juu ya spika, na Sikio akashusha sindano kwenye ile santuri mbovu. Mama hakusikia hata neno. Aliufuata wimbo kwa kiganja, akahesabu kwa mguu, na kiitikio kilipoisha mkono wa kulia uliondoka mapajani ukapiga hewa, na tak ikatoka palepale. Kisha alimgeukia mwanawe, akaonyesha kidole kwenye mashine.

Alirudia mara ngapi kwa siku, Sikio hakuhesabu.