Mti Uliokwisha Kuposwa

Mume wangu Isokichi alikuwa ananing'inia chini ya ukingo wa jabali, nami sikumwona. Nilichokuwa nacho ni kamba tu. Hiyo ndiyo kazi ya mke wa mchimba miti huku kwetu katika milima ya Iyo: kukaa juu, kushika kamba, na kuogopa kimya kimya.

Alikuwa amefuata mtarakwa mmoja mkongwe uliopindwa na theluji, mfupi kama mtoto anayejifunza kutembea, wa namna ile ambayo mabwana wa mjini huipanda chunguni na kuiita bonsai. Mti kama huo hauchukuliwi kwa siku moja. Kwanza unaukata mizizi yake mingi, unalifunika shina kwa kuvumwani, zile nyasi laini kama sufu ziotazo juu ya mawe yenye maji, unazikaza kwa kamba ya majani ya mpunga, halafu unauacha miaka miwili au mitatu uote mizizi midogo. Sisi tunasema umeuposa. Na mchumba wa mlimani hatajwi kwa jirani, wala kwa ndugu, wala kwa mke. "Mti uliotajwa ni mti ulioibwa," alikuwa akisema baba mkwe wangu, mzee Tomezo. Alifariki vuli iliyopita na hakumtajia mwanawe hata mti mmoja.

Asubuhi ile tulipanda mteremko kama kawaida, tukishika shina hili na lile kujivuta. Kule juu Isokichi aliifunga kamba kwenye mtarakwa mfupi mnene wa ukingoni, kwa sababu mawe ya kule yana makali na hula kamba. Aliutikisa mti, haukujongea.

"Shika vizuri, bibie," akasema. "Ukiniangusha, kila usiku nitakuja kukuvuta miguu."

"Ukianguka mimi naolewa na muuza tofu. Angalau yeye anafanya kazi akiwa ardhini."

"Yule mwenye meno mawili?"

"Kwani tofu, ilivyo laini, inataka meno mangapi?"

Akacheka, akashuka. Na mtu akishashuka, maneno yamekwisha. Sauti ya mlimani hufika bonde la pili, na bonde la pili lina wachimbaji wenye masikio marefu. Tunasemezana kwa kamba: mvuto mmoja ni legeza, miwili ni vuta, mitatu ni tulia, usijitikise.

Nilisikia msumeno wake kwa muda mrefu, kisha ukanyamaza. Nikajua mti uko mgongoni mwake. Kamba ikakazwa na uzito mpya, na hapo ndipo nilipoona ardhi ya chini ya mtarakwa uliofungwa kamba ikiachama.

Ulikuwa upenyo mdogo tu, upana wa kidole. Nikaingiza vidole. Sikugusa udongo. Niligusa kuvumwani, laini, iliyoshindiliwa na mikono ya mtu, na ndani yake kamba ya majani ya mpunga iliyokwisha kuoza nusu. Vidole vyangu vikapapasa fundo. Lilikuwa limefungwa kinyume, kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nikifungua fundo kama hilo kwenye mizigo ya nyumbani tangu nilipoolewa. Lilikuwa la mzee Tomezo.

Mume wangu alikuwa amefungwa kwenye mti wa posa. Nilipapasa zaidi chini nikakuta mzizi mmoja tu uliobaki, nao ulikuwa unatetemeka.

Nilivuta mara tatu. Kamba ikatulia. Nikamshukuru mungu wa mlima. Lakini Isokichi atajuaje sababu? Baada ya kitambo akajibu mara mbili: vuta. Nikavuta mara tatu tena. Akajibu mara mbili, kwa hasira safari hii, na mti ukainama, na ufa ukawa upana wa kiganja.

Kamba haina neno la kusema jambo kama lile. Basi nikalala kifudifudi ukingoni nikapiga kelele ambayo hakuna mke wa mchimba miti aliyewahi kuipiga.

"Isokichi! Kamba iko kwenye mti wa posa! Utupe huo mzigo! Shikilia mwamba, utoe uzito!"

Milima ikarudisha kila neno. Kisha kitu kikaanguka. Nilikisikia kikigonga jiwe, kikavunja matawi, kikagonga tena mbali chini, halafu mto ukakimeza. Kamba ikalegea mkononi mwangu.

Sikujua ni mti au ni mume wangu. Nilimwita. Hakujibu. Lakini mikono yangu ilifanya kazi bila kuniuliza. Niliifungua kamba kwenye mti, nikijua kwamba kama bado yu hai hana kinachomshika ila vidole vyake. Nikavua koti, nikalizungusha kwenye jiwe lililochomoza, nikaifunga kamba juu yake. Nilifunga fundo zuri kabisa. Nilijiambia, labda unaifungia maiti, lakini funga.

Kisha nikangoja. Hofu ile sitaki hata adui yangu aionje.

Kamba ikavutwa. Mara mbili.

Alipofika juu uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa mchele, kucha zinamtoka damu, na bado akaanza kufoka.

"Umewaita wezi wa Iyo nzima! Ule mti nimeuposa miaka mitatu, Shige! Miaka mitatu!"

Nilimshika mkono nikauingiza chini ya mtarakwa, hadi kwenye fundo. Akaketi chini.

"Baba," akasema.

Hapo tukakumbuka wote wawili. Mzee alikufa ulimi umefungwa, hawezi kusema, na siku zile za mwisho alikuwa akinyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea mlimani, akilia, akikataa hata uji. Sisi tulisema, maskini, anauaga mlima. Tukamgeuzia tandiko lake aweze kuuona vizuri.

"Umeposa mingapi mingine ambayo siijui?" nikamwuliza.

Alisita. Hata pale alisita. "Mmoja. Pale kwenye maporomoko, upande wa kaskazini. Huo tu."

"Na ya baba je?"

Akautazama mteremko tuliopanda asubuhi. Mitarakwa ilikuwa imejaa hadi bondeni, na kila mmoja una kuvumwani miguuni.

"Sijui," akasema.

Tukashuka kwa matako, kama watoto, bila kushika mti wowote.