Jina la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ana jina, na hata hapa sitalitaja. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, wala hakutani naye uso kwa uso. Akija hukohoa kwanza, nikisikia, najificha. Tumeishi hivyo kwa amani tangu Ipyana anioe.

Sasa, mimi ni fundi magari hapa Uyole. Gari la mzee lilipoanza kulia kwenye cheni ya taimingi, ile inayozungusha valvu za injini, ndugu walitaka gari lipelekwe kwa fundi mwanaume. Mzee akakataa, akamwambia Ipyana alilete kwangu. Basi nililishika kwa woga.

Injini yenyewe imebanana na ubavu wa gari, hata kiganja hakigeuki. Ngozi ya vidole vyangu imebaki humo. Cheni mpya nilikwisha kuivika kwenye gia zake, alama kwa alama, ila kile chuma cha kuikaza nilikuwa bado sijakiachia, kwa hiyo ilikuwa imelegea. Ipyana alikwenda kununua gundi ya gasketi. Manyunyu yakaanza, nikashusha boneti. Betri, mjinga mimi, sikuwa nimeichomoa.

Nikasikia kikohozi. Nikakimbilia nyuma ya rundo la matairi.

Mzee alimwita mwanawe, hakuwepo. Akaona boneti imeshuka, akadhani kazi imekwisha. Mlango ukafunguka, funguo zikalia; kumbe alikuwa na ufunguo wa akiba. Akiwasha tu, cheni inaruka, valvu zinagongana na pistoni, injini imekufa mikononi mwangu. Nikagonga rimu kwa spana. Hakujali.

Jina likanitoka. Jina tupu, bila hata "baba" mbele, kwa sauti ya kufukuza mbuzi shambani.

"Usiwashe!"

Mafundi wote wakageuka.

"Tumpe, umefanya nini?" Obeid, fundi jirani, akaninong'oneza kwa jina langu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajifunika khanga usoni, nikalia.

Mzee alishuka bila kuwasha, akaenda kusimama barabarani, ametugeuzia mgongo. Ipyana aliporudi nilimaliza kazi bila kuinua uso. Injini ikawaka, ikatulia. Nikarudi nyuma ya matairi yangu.

Mzee akaingia garini, akamwambia Ipyana kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie fundi nimemsikia. Mkwe wangu sijamsikia."

Gari likaondoka. Mimi nilibaki nimechuchumaa palepale, na kwa wema wake huo aibu haikupungua, ilizidi.