Uzi wa Padri Husik

Serikali mpya ya Kisovieti ilipogeuza ghala la mvinyo la Ashtarak kuwa ukumbi wa sinema, Yeghsa alikwenda na mumewe Arsen, binti yao Nazeli akabaki nyumbani; msichana mwenye mchumba hakai gizani na watu. Nazeli mwenyewe alikuwamo kidogo katika picha ya jioni hiyo, iliyopigwa hapo hapo Ashtarak. Mwigizaji wa Yerevani aliposhikwa na homa, yeye ndiye aliyevaa shela akasimama madhabahuni, mgongo kwa kamera.

Lakini mgongo nao una ulimi. Picha ilipomulikwa kwenye shuka, wote waliutambua mkanda wa fedha wa bibi yake.

"Kumbe Nazeli ameshaolewa," akasema Satik, mama wa mchumba, bila kushusha sauti. "Anayewabariki pale si wa kuigiza, ni Padri Husik wetu. Mwanangu haoi mke wa mtu."

Arsen, babake Nazeli, akainuka. Yeghsa alijua jambia limetundikwa wapi nyumbani, na nani yuko huko peke yake. Akaushika mkono wa koti la mumewe.

"Keti."

"Niache, mwanamke."

"Uone mwisho, babake Nazeli. Ukishauona, nenda."

"We mzee, kichwa chako si dirisha," wakamzomea wa nyuma. Akaketi.

Kwenye shuka, baba mmoja alisikia uvumi, akamfukuza binti yake usiku wa theluji. Asubuhi ukweli ukaja, naye akawa anafukua theluji kwa mikono. Ukumbini hakuna aliyetafuna tena mbegu za maboga.

Taa zilipowashwa, Arsen alikuwa amelowa jasho. Akamwendea Padri Husik, aliyekuwa ameketi benchi la mbele.

"Padri, umemwoza binti yangu?"

"Uliniona nikiwafunga uzi shingoni, mwekundu na kijani, nikaubandika nta?"

"Sikuona."

"Basi nilikuwa naimba tu. Bila uzi hakuna ndoa. Muulize Satik, uzi wake nilimfunga mimi, akajikuna mpaka nilipoufungua."

Watu wakacheka. Satik naye akacheka, wa mwisho.

Nazeli aliwafungulia mlango, mikono ina unga. "Ilikuwaje, baba?"

"Ndefu," akasema Arsen, akambusu kichwani. "Mshukuru mama yako, alinikalisha."

Yeghsa alimshukuru Mungu, akamshukuru padri na uzi wake, hata wale wazomeaji. Na kila mwenye binti aliyekuja kuoka mkate kwake, Yeghsa alimwambia: maneno ya watu yakikuinua, keti kwanza, kisha uulize.