Sindano, Vidonge na Chuku

Kibibi ndiye aliyemwomba daktari Mzungu wa Lushoto ambadilishie mumewe dawa. Damu ilikuwa imemganda Darweshi ndani ya mguu, ukavimba kama shina la mgomba, na kila siku alichomwa sindano ya kuifanya nyepesi isigande. Lakini sindano ilimfunga kitandani, na kwao Mtae si karibu. Maharage yalikuwa yakiozea shambani. Basi akapewa vidonge, akaruhusiwa.

Sefania, dresa aliyefunga vidonda wodini, alimweka Kibibi kando. "Mama, dawa hizi mbili hazifanani. Sindano inashika papo hapo, na ikiachwa, jioni imekwisha mwilini. Vidonge vinaanza polepole, lakini vikishaingia havitoki upesi. Kwa hiyo asijikate, hata kidogo. Na wiki ijayo arudi apimwe damu."

Kibibi alilishika neno hilo kwelikweli. Nyumbani alificha panga, akaficha kisu, jembe akalishika mwenyewe. Majirani wakamcheka kwamba amemgeuza mume kuwa mwali wa ndani. Hakujali. Alimpenda mzee yule mbishi, na alikuwa akiogopa.

Darweshi mwenyewe alividharau vidonge. Sindano inauma, alisema, ndiyo maana ina nguvu. Hivi vidonge hata mtoto anavimeza bila kukunja uso. Mguu ulipomuuma tena, yeye aliyewapiga chuku watu wa Mtae nzima, akiwafyonza damu mbaya kwa pembe, akaitoa pembe yake. Ila nyuma ya goti mkono haukufika, akamgeukia mkewe.

"Nisaidie, Mama Zuhura. Ikitoka hii damu nzito, nitapona."

Kibibi akamsaidia. Kujikata ni panga, ni jembe. Chuku ni tiba, nani amewahi kuiita jeraha? Akamchanja chale kwa wembe, kama alivyozoea kumwona akiwachanja wengine, akabandika pembe.

Pembe ilijaa. Akaimwaga, akakandamiza kitambaa, kikalowa. Akafunga kanga, ikalowa nayo. Hapo ndipo maneno ya Sefania yalipomrudia, akawaita majirani walete machela. Vidonge aliviomba yeye, na wembe aliushika yeye.

Darweshi, amelazwa kwenye machela, aliitazama damu ikichuruzika, uso umemkunjuka kama fundi aliyeridhika na kazi yake.

"Umeona, Mama Zuhura? Haijapata kutoka nyepesi hivi. Usiizibe, iache itoke."

Akanyoosha mkono auondoe wa mkewe pale kwenye chale, na Kibibi akahisi jinsi mkono ule ulivyokwisha kukosa nguvu.